Kumkumbuka mwenzenu wa darasani aliyebaki nyumbani: mwongozo kutoka kwa waliokosea kwanza

Mpiga kengele wetu wa shule ya msingi alifariki mwezi wa nne. Jina lake siliandiki. Wanawe wapo, na nusu ya darasa walimjua kwa kazi hiyo kuliko kwa jina alilopewa na baba yake.

Alifia Muheza, mji ambao wasafiri wengi wa Tanga wanaujua kupitia dirisha la basi: machungwa kwenye nyavu, kelele za wachuuzi, dakika chache za kusimama, safari inaendelea. Sisi tulikulia hapo. Tulimaliza darasa la saba mwaka 1991 tukatawanyika, wengine Tanga mjini, wengi Dar es Salaam, wawili watatu wakavuka bahari. Yeye alibaki. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mama ntilie karibu na stendi, na kila aliyerudi kusalimia wazee alipita kwake kwanza. Wali ulikuwepo, na habari za mji zilikuwepo pia.

Tulipompoteza tuligundua kwamba kukusanya hela tunajua, ila kumkumbuka mtu hatujui. Ndani ya siku mbili tulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya waliochanga. Mwanawe alipotuuliza mama yake alikuwaje shuleni, tulitazamana. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye jambo hilo kuliko kwenye hela, ingawa hela nayo ina mitego yake.

Hatua ya 1: Thibitisha, halafu mtu mmoja aandike

Habari ilifika kwenye kundi letu la WhatsApp saa mbili usiku. Haikupita dakika kumi, skrini ikajaa mishumaa na mikono ya dua. Mmoja wetu akaweka na picha. Picha ilikuwa ya mdogo wake marehemu, ambaye wamefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Usiku ule yule mdogo mtu alipigiwa simu na watu wa Dodoma wakiuliza amefia wapi, naye yuko chumbani anamlilia dada yake.

Kwa hiyo mtu mmoja tu apige simu, na ampigie aliyeko msibani, si aliyesikia kwa jirani. Aulize mambo manne: jina kamili, lini, msiba uko nyumba gani, na mazishi ni saa ngapi. Hilo la nyumba usilidharau. Kwa mwanamke aliyeolewa, msiba unaweza kuwa kwa wazazi wake au kwa mumewe, na mji mdogo hauna siri: ukienda nyumba isiyo yenyewe itasemwa mpaka arobaini. Kisha andikeni ujumbe mmoja. Wetu, baada ya vurugu ile, ulikuwa hivi:

"Ndugu zangu wa Darasa la Saba 1991. Mwenzetu, mpiga kengele wetu, amefariki leo hapa Muheza. Nimezungumza na kaka yake mkubwa. Msiba uko nyumbani kwa wazazi. Mazishi kesho baada ya sala ya adhuhuri. Tafadhali picha zisirushwe mpaka familia iseme. Walio Tanga na Muheza nipigieni tujue nani anakwenda."

Wala usimalize ujumbe kwa kuuliza aliumwa nini. Wakitaka kusema watasema.

Hatua ya 2: Usikimbizane na jeneza

Mwislamu huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo au ya pili yake. Kutoka Dar mpaka Muheza, kwa Chalinze na Segera, ni zaidi ya kilomita 300. Wenzetu watatu walitoka Mbezi asubuhi na gari dogo, wakakimbia kama wanaofukuzwa, wakafika watu wanatoka makaburini wananawa mikono. Hawakuwahi mazishi, na huko njiani nusura watuongezee misiba mingine mitatu.

Mazishi waachieni walio karibu. Wawili kutoka Tanga mjini na wanne wa Muheza wanatosha kulisimamia darasa: wafike, wasaidie kubeba maji na kupanga viti, mmoja ajitambulishe kwa mzee wa msiba kwamba "sisi ni waliosoma naye". Walio mbali wajipange kwa arobaini. Siku ya mazishi nyumba imejaa, na kama hukuonekana hakuna atakayelishika hilo moyoni. Baada ya kuanua tanga, mikeka ikishakunjwa na majiko ya kuazima yakirudishwa kwa wenyewe, ndipo nyumba inapokuwa kubwa kuliko watu wake.

Marehemu akiwa Mkristo mambo hubadilika kidogo. Mwili unaweza kusubiri siku kadhaa ndugu wafike, kutakuwa na kuaga, na wasifu wa marehemu utasomwa. Wasifu huo huandikwa usiku, na mtu aliyechoka, kwenye karatasi ya daftari. Mtafute. Mpe kipande cha shule kikiwa tayari: shule gani, alianza mwaka gani, akamaliza lini, na jambo moja tu la kweli alilolifanya huko. Atakushukuru.

Hatua ya 3: Hela, na laini isiyo na deni

Mweka hazina wetu ni mtu mwaminifu mno, mtu wa msikitini. Tukatuma kwake. Michango mitano ya mwanzo ikaingia, salio likawa palepale. Kumbe laini yake ilikuwa na deni la mkopo wa simu, na kila senti iliyotua ilikatwa kulipia deni. Alilia kwa aibu. Tulimwelewa, lakini ilibidi aanze kutafuta hela ya kurudisha usiku wa msiba.

Tangu siku hiyo swali la kwanza kwetu ni: laini ya nani haina deni? Ikiwezekana tumieni akaunti ya kikundi ya kwenye simu au benki, ile isiyotoa hela mpaka watu zaidi ya mmoja waidhinishe. Kiwango kiwe kile ambacho mwenye genge na mwenye ofisi wote wanakimudu. Sisi tuliweka 20,000 na tukasema aliye nacho aongeze kimyakimya. Kila mtu atume na ya kutolea, maana makato ya watu 30 si hela ndogo. Orodha ioneshe majina bila viwango. Najua wapo wanaopenda viwango vionekane. Hao ndio hasa sababu ya kuvificha.

Hela ya ubani mpelekeeni mkuu wa familia mkononi, mbele ya mashahidi wawili, na karatasi ya majina. Msimtumie mfiwa kwenye simu. Siku hizo simu yake inashikwa na kila mtu.

Hatua ya 4: Kusanyeni alivyokuwa, sio sifa zake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hupaacha.

Ukiuliza kundi "marehemu alikuwaje?", utajibiwa alikuwa mcheshi, mpole, mpenda watu, mcha Mungu. Sijapata kusikia marehemu ambaye hakuwa mcheshi. Majibu hayo hayamsaidii mtoto wake, kwa sababu yangeweza kuwa ya mtu yeyote aliyezikwa wilaya nzima wiki ile. Kosa liko kwenye swali. Sisi tulibadilisha, tukawa tunampigia mtu mmojammoja na kumuuliza hivi:

Ulikaa naye dawati gani, na nani alikaa katikati? Saa nne mlikuwa mkila nini, na nani alinunua? Mchakamchaka wa alfajiri alikuwa mbele au nyuma? Zamu ya kumwagilia shamba la shule mlipangwa na nani? Aliwahi kukukasirisha? Mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini, na alikwambia nini?

Swali la kukasirisha ndilo lililozaa matunda. Mtu akikumbuka alivyokasirika, hukumbuka na mahali, na nguo, na nani alicheka.

Ndivyo tulivyoipata kengele. Wote tulikuwa tunajua kwamba alikuwa mpiga kengele, lakini kila mtu alikuwa na kipande chake. Ilikuwa kipande cha reli, urefu kama wa mkono, kimening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe nje ya ofisi. Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 wakati wa Wajerumani, kwa hiyo mji wetu haujapata kupungukiwa chuma chakavu. Kigongeo kilikuwa boliti nene kilichokaa juu ya meza ya mwalimu mkuu, na katika wanafunzi wote aliyeruhusiwa kukichukua bila kuomba ni mmoja. Ya mstarini aliigonga polepole. Ya mapumziko aliigonga harakaharaka. Ya kwenda nyumbani aliigonga kama anafukuza kuku kwenye mpunga.

Halafu kuna siku ya viboko. Wavulana sita walikuwa wamepanga foleni kwa kosa la kuiba machungwa ya mtu, mwalimu amefika kwa wa tatu, kengele ikalia. Mwalimu akaweka fimbo chini akaenda kunywa chai. Wa nne anaapa kwamba mpiga kengele aliipiga kabla ya saa makusudi, kwa kumhurumia. Wa sita anasema la, saa ilikuwa imefika kweli. Wa kwanza, ambaye alishapigwa, anasema kama ni huruma, mbona haikuja mapema.

Tufanyeje na maelezo matatu yanayopingana? Yaandikeni yote matatu. Andika "aliyekuwa wa nne anasema hivi, aliyekuwa wa sita anasema vile". Msipige kura. Mwenye jibu ameondoka nalo.

Namna ya kuhifadhi: ujumbe wa sauti ni mtamu, lakini simu ikiibiwa au ikitumbukia ndooni umekwisha. Mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka anunue kaunta buku, na kila wiki ahamishie humo yaliyosemwa, akiandika nani kasema na tarehe. Sauti zenyewe zipelekwe pia kwenye barua pepe au kompyuta ya mtu. Tulimpata dada mmoja wa Korogwe, mwalimu mstaafu, anayeandika kama anaandika ubaoni. Msipompata wa namna hiyo, yeyote anayemaliza anachoanza atafaa.

Msisahau walimu. Waliotufundisha mwaka 1991 wengi sasa ni wazee, na mzee haulizwi kwa simu. Aendewe nyumbani na watu wawili, na sukari kilo mbili, asubuhi kabla ya jua kali. Mwalimu wetu wa hesabu alimkumbuka kwa jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: ndiye aliyekuwa akifuta ubao kabla hajaambiwa, halafu ananusa chaki mikononi.

Shuleni kwenyewe ombeni kwa adabu kuona daftari la uandikishaji wa wanafunzi. Kama limesalimika na mchwa, mtaona jina lake kwa mwandiko wa siku ile, jina la mzazi na tarehe aliyoandikishwa. Mwalimu mkuu ana haki ya kukataa. Akikataa, shukuruni mwondoke. Akikubali, piga picha ukurasa huo pekee na mistari ya watu wengine uifunike kwa karatasi.

Hatua ya 5: Picha

Enzi zetu picha ilikuwa tukio. Ulienda studio, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa bahari, ukarudi baada ya wiki kuichukua. Kwa hiyo zipo chache na ziko kwenye masanduku ya mama zetu.

Toa picha kwenye plastiki kama haijagandana nayo. Ikigandana iache, utaibandua uso. Iweke mezani karibu na dirisha mchana, bila mmweko wa simu, simu ikiwa sambamba na picha. Tuma kwa WhatsApp kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa sababu ukituma kawaida inapunguzwa ubora na nyuso za mstari wa nyuma zinakuwa ugali. Nyuma ya picha yenyewe andika majina kwa penseli laini, kuanzia kushoto, usikandamize. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili.

Picha yetu ya kuagana ina watoto 41. Tulipata majina 38. Wawili tumebishana mpaka leo, na mmoja, kijana aliyevaa viatu peke yake mstari wa mbele, hakuna anayemjua hata kidogo.

Hatua ya 6: Yasiyosemwa

Kipimo changu ni hiki: kama asingelisema mwenyewe mbele ya wanawe, usiliseme. Wapenzi wa zamani, sababu ya kuacha masomo, ugomvi na mawifi, alichokwambia akiwa amechoka jikoni kwake usiku. Hata jambo jema liulizwe kwanza. Mmoja wetu alitaka kusimulia jinsi mwenzetu alivyomlipia nauli ya kwenda kuanza sekondari. Kaka yake marehemu alipoulizwa alinyamaza kidogo, akasema: "Hilo lisomwe, baba yetu alikuwa hajui hela ile ilikwenda wapi. Alifariki akidhani imeibwa."

Hatua ya 7: Madeni

Kwenye mazishi husimama mtu akatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone ndugu. Wanaodaiwa na marehemu hawaitwi kwa kipaza sauti, na hapo ndipo tulipoumbuka.

Siku ya tano, binti yake alipokuwa akisafisha banda la chakula, alikuta daftari la madeni limechomekwa kwenye mwamba wa paa. Wali maharage 1,500, chai na chapati mbili, samaki nusu. Wadaiwa hakuwaandika majina ya mitaani, aliwaandika kwa majina ya darasani: Kiranja. Mtoto wa Posta. Goli Kipa. Mrefu. Binti alidhani ni watu wa stendi. Mimi nilijikuta ukurasa wa tatu, chipsi mayai na soda, tarehe ya Idi ya miaka miwili nyuma. Niliondoka nikasema nitatuma kwa simu.

Basi kabla ya kuchanga senti ya ubani, jiulize kama unadaiwa. Lipa deni kwanza kama deni, kando, ukimwambia mpokeaji ni la nini. Ubani uje baadaye kama ubani. Usiwachanganyie, hesabu za mirathi zinataka usafi. Na kama wewe ndiye uliyekuwa ukimdai, ama useme mapema kwa wakubwa wa familia ama usamehe moja kwa moja na useme umesamehe. Kukaa nalo moyoni ukilitaja barazani haifai.

Hatua ya 8: Siku ya arobaini

Kwanza ulizeni kama ipo. Zipo familia za Kiislamu zinazosoma hitima ya arobaini, na zipo zinazosema jambo hilo halina asili katika dini. Mgeni hatii neno hapo. Kama wanasoma, siku huhesabiwa kuanzia alipofariki, lakini mara nyingi husogezwa iangukie Jumamosi au Jumapili ili watu wafike.

Msaada mnaoweza kutoa ni wa namna mbili. Msahafu una juzuu 30: Waislamu wa darasa wanaweza kugawana wakasoma huko waliko, kila mmoja juzuu yake, dua ikafungwa msibani. Wa pili ni chakula. Msinunue kwa kubahatisha. Wapigieni wapishi mwulize kimepungua nini. Sisi tungepeleka mchele, kumbe mchele ulijaa, walikosa mafuta, sukari na kuni.

Muheza ni mji wa msikiti na kanisa kwa pamoja. Magila, walikoweka kituo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA karne ya 19, si mbali, na theluthi ya darasa letu ni Waanglikana wa huko. Hao walikaa nje chini ya turubai wakati wa kisomo, kimya, kisha wakaosha vyombo. Marehemu angekuwa wa kwao, Waislamu wangefanya vivyo hivyo kwenye misa au siku ya kusimika msalaba. Ndivyo tulivyolelewa.

Tulikodi Kosta, tukatoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Kuweni mmekubaliana mavazi kabla: wanawake kanga mbili au baibui, wanaume kanzu au suruali na shati la heshima. Fulana zilizochapwa uso wa marehemu tulizikataa kwa kura. Zingekula hela ya sare za watoto, na fulana ya msiba baada ya mwaka inafutia gari.

Kaunta buku halisomwi mbele ya umati. Subirini wageni wapungue, baada ya alasiri, mkae na mume, watoto, mama mzazi na ndugu. Asome mtu mmoja, kurasa tatu au nne, wengine wadakie. Sisi tulianza na boliti juu ya meza ya mwalimu mkuu. Binti yake mkubwa, mwenye miaka 19, alikuwa anamenya machungwa. Akaacha kisu.

"Mjomba, mama alikuwa anapiga kengele?"

"Miaka mitatu mizima."

"Nyumbani akituita kula alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko. Polepole mara tatu. Tulikuwa tunamcheka."

Aliyeniita mjomba hakukosea. Mwanamume aliyesoma na mama yako ni mjomba wako, mwanamke ni mama mdogo, na kwetu mjomba ana kazi zake.

Hatua ya 9: Kazi za wajomba

Hizi nazipitia haraka maana familia ndiyo yenye neno la mwisho. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 ili cheti kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kipatikane bila usumbufu. Mmoja wenu aliyezoea ofisi aandamane na mfiwa. Familia ikikaa kikao cha ukoo kumteua msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na kusainiwa, ndio unaopelekwa mahakamani. Kama marehemu alikuwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizieni msaada wa mazishi na mafao ya warithi. Kama alikuwa kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hisa zake zipo, na mara nyingi kuna mfuko wa jamii. Hela iliyo kwenye simu yake ni sehemu ya mirathi, hata kama mtoto anaijua namba ya siri. Ila picha na sauti zilizomo kwenye simu hiyo zihamisheni mapema.

Aliyefiwa na mume ana eda ya miezi 4 na siku 10 kwa Waislamu. Wanaume wa darasa msimzoee kwa ziara. Wapelekeni wake zenu au dada wa darasa.

Kuhusu watoto, msiahidi "kuwasomesha". Shule za serikali ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Kinachomkwamisha mtoto ni sare, madaftari, viatu, nauli na mchango wa chakula. Ahidini hivyo kwa majina: wewe viatu vya Januari, yeye madaftari, mimi nauli. Ahadi ndogo yenye mwenyewe hutimizwa.

Hatua ya 10: Mwaka unaofuata

Watu huweka tangazo la kumbukumbu gazetini na picha, na ni jambo zuri kama hela ipo. Sisi tuliweka zamu. Kila mwezi mtu mmoja wa darasa humpigia simu mama mzazi wa marehemu, bibi wa zaidi ya miaka 80 ambaye husikia sikio la kulia tu. Hakuna ajenda, ni salamu, afya, mvua. Akisema neno jipya, linaingia kwenye kaunta buku.

Zamu yangu ilikuwa mwezi wa nne, mwaka ulipotimia. Baada ya salamu nikamuuliza jambo lililotushinda wote: nyumbani kwao hawakuwa na saa, na kengele ya kwanza ilipigwa kukiwa bado giza. Aliwezaje kuamka?

"Saa ya nini, mwanangu?" akacheka. "Nilikuwa nikimmwagia maji. Yule alikuwa na usingizi, kuliko kaka zake wote. Akitoka hapa analia."

Ukurasa wa 27. Aliyesema: mama yake.